Fundi wa Matangi Makubwa

Kabla hajaligusa tangi kwa chombo chochote, fundi alilibisha kwa kifundo cha kidole mara tatu, kisha akaliinamishia sikio. Wateja wapya walidhani ni maringo. Mimi nilikuwa karani wa duka la vipuri lililopakana na karakana yake kule Changamwe, na kwa miaka ishirini na mitatu nilimwona akifanya hivyo, najua alikuwa akisikiliza kweli. Tangi lililojaa lilimjibu kwa sauti nzito na fupi. Lililo tupu lilimjibu kwa mwangwi, na hapo ndipo aliporudi hatua moja nyuma.

"Petroli yenyewe haina neno," aliniambia siku moja nilipompelekea chai. "Mvuke wake ndio unaoua. Tangi tupu ndilo la kuogopa, mwanangu."

Kwa hiyo hakukubali kulichomelea kwa moto tangi lolote kabla halijaoshwa kwa maji moto na sabuni siku tatu. Madereva wa malori waliokuja na matangi yaliyotoboka kutoka Miritini walimpigia kelele. Mmoja, kijana wa bara mwenye haraka, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Siku tatu, mzee? Mzigo utaharibika!"

"Mzigo utaharibika, wewe utabaki," fundi akamjibu bila kuinua macho. "Wataka tubadilishane?"

Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwenye bati la mlango wake kulikuwa na neno moja tu, MATANGI, na rangi yake ilikuwa imechakaa kiasi kwamba ulisoma zaidi kwa kujua kuliko kwa kuona. Sisi wa dukani tulimwita fundi, basi, ingawa mtaa ule ulijaa mafundi. Ukisema fundi wa magurudumu ulieleweka, ukisema fundi wa rejeta ulieleweka, lakini ukisema fundi peke yake, ni yeye.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoshuka, na uso wa mtu aliyelala kidogo jana na juzi. Sikupata kumwona akikimbia wala akicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Alitoka kwake Timbwani alfajiri, akavuka kwa kivuko, akaunganisha gari mbili mpaka Changamwe, na jioni akarudi njia ile ile. Mtu aliyeshinda na magari maisha yake yote hakujua kuendesha gari hata moja. Nilipomuuliza sababu alisema, "Mimi najua gari linabeba nini. Wanaoendesha hawajui. Ndiyo maana wanaweza."

Lakini kitu nilichokipenda kwake kuliko vyote ni jalada. Lilikuwa jalada la kadibodi, kubwa, lililofungwa kwa kamba, na ndani yake mlikuwa na kurasa za majarida ya zamani ya magari, za Kiingereza na za lugha nyingine asizozijua, alizozipata kwa mabaharia na kwa wauza magazeti makuukuu. Kila ukurasa ulikuwa na gari dogo la michezo, la viti viwili, la miaka ambayo yeye alikuwa kijana, na kila ukurasa aliuweka kwa sababu moja tu: gari lile lilikuwa na tangi kubwa kuliko lilivyostahili. Maneno mengine aliyapigia mstari kwa penseli. Pembeni aliandika lita.

Historia ya matangi yale aliijua kwa moyo, na siku moja niliisikia yote. Alikuja bwana mmoja wa Nyali, mtu mzima wa kutembea taratibu, na gari la Kijerumani la zamani lililong'aa kama sahani ya harusi. Akafunua boneti ya mbele. Injini ya gari lile iko nyuma, na mbele, mahali pa kuweka mabegi, palikuwa na tangi limejilaza kutoka upande mpaka upande.

"Nataka unitolee hili," yule bwana akasema. "Unitengenezee dogo. Mke wangu anataka tuende Malindi na gari hili, na hatuna pa kuweka hata mkoba."

Fundi akabisha mara tatu. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Wajua kwa nini ni kubwa?"

"Sijui. Nililinunua hivi."

"Kaa."

Akamkalisha kwenye kigoda, akafungua jalada lake, na mimi nikaegemea mlango wa duka nikiwa na daftari mkononi, nisiandike kitu.

"Huko Ulaya," fundi akaanza, "kulikuwa na mashindano ya kukimbia mchana kutwa na usiku kucha. Gari likisimama kutia mafuta, wenzake wanapita. Basi aliyesimama mara chache alimshinda hata mwenye mbio kumliko. Watengenezaji wakafikiri, wakasema, tuongeze tangi. Lakini wenye sheria za mashindano nao walikuwa na maneno yao. Wakasema gari la mashindano liwe lile lile linalouzwa dukani. Haya! Watengenezaji wafanye nini? Wakaanza kuwauzia watu wa kawaida magari yenye matangi ya kukimbilia usiku kucha. Daktari anataka gari la kwendea kazini, anapewa tangi la kumfikisha nchi ya pili na kumrudisha, na pa kuweka koti hapana."

Yule bwana akacheka. Fundi hakucheka.

"Wamarekani wao walilitia nyuma ya viti, pipa zima, ukigeuka unaliona limekukodolea macho. Hawa wa kwako wakaliweka mbele. Asubuhi limejaa, pua ya gari nzito, usukani wakataa. Jioni limekwisha, usukani mwepesi kama wa baiskeli, na dereva amechoka, na kona ile ile aliyoipita asubuhi sasa yamtupa nje. Gari lenye tangi kubwa ni magari mawili, bwana. La asubuhi na la jioni. Na hakuna anayekwambia saa ngapi moja limekuwa jingine."

"Na kwa nini waliacha kuyatengeneza?"

Fundi alizikusanya kurasa zake. Akafunga jalada lake kwa ile kamba. "Waliyapunguza," akasema. "Wakatia ndani mifuko ya mpira isiyopasuka, wakabadilisha sheria. Nitakutengenezea dogo. Njoo wiki ijayo."

Nilizoea kumwona akifika hapo na kufunga jalada. Nilidhani amechoka tu. Alichoka mapema siku zote.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Siku ya Jumatatu angekwambia tangi kubwa ni uoga, kwamba mwanadamu anaogopa kusimama, anaogopa kumwomba mtu wa njiani msaada, ndiyo maana anajibebea bahari nzima. Siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha na wateja hawapo, angekwambia tangi kubwa ni adabu, maana barabara za huku kwetu zamani hazikuwa na vituo vya mafuta, na mtu aliyekwama porini anawasumbua watu wasio na chochote. Ukimkumbusha maneno ya Jumatatu, alisema, "Na yale ni kweli vilevile," akaendelea na kazi.

Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa bati. Hakuvumilia sigara umbali wa nyumba mbili. Tajiri wa duka letu, aliyekuwa mvutaji, alikwenda kuvutia ng'ambo ya barabara kama mwanafunzi. Na fundi hakutengeneza tangi la gari la mashindano. Hilo lilijulikana mtaa mzima. Walikuja vijana wenye pesa zao, wakamwomba, wakamsifu, wakamtajia magari aliyoyatengeneza enzi zake, wakaambiwa hapana kwa sauti ya chini. Matangi ya dizeli ya malori, ndiyo. Matangi ya maji, ndiyo. Gari la zamani la mtu wa kutembelea Malindi, ndiyo. La mashindano, hapana.

Sababu yake niliijua kwanza kwa watu, na baadaye kwa mtu mwenyewe aliyehusika, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alinipa nyumba ya kupanga Mishomoroni, mlango wa tatu kutoka kwa yule tuliyemwita msoma ramani.

Zamani, fundi akiwa bado kijana, kulikuwa na tajiri mmoja kisiwani aliyependa mashindano ya magari, yale ya kuzunguka nchi kwa siku kadhaa kwenye vumbi na matope. Alikuwa na gari dogo la michezo, la paa la chini. Akamwomba fundi alitilie tangi la lita mia na ishirini nyuma ya viti. Fundi akalitengeneza kwa wiki sita. Ndani yake akaweka viambaza vyenye matundu, ili mafuta yasichezecheze gari likipinda. Watu waliolikumbuka walisema lilikuwa kitu cha kutazamwa, mshono wake hauonekani.

Siku ya pili ya mashindano gari lilipinduka porini na likawaka moto. Tajiri, aliyekuwa dereva, alitupwa nje akavunjika bega. Aliyekaa kando yake na ramani mapajani hakutupwa. Walimtoa na mikono yake miwili na upande mmoja wa uso umeungua. Kila mtu alisema tangi limepasuka. Fundi aliomba aonyeshwe mabaki ya gari, akaambiwa yameuzwa chuma chakavu. Tajiri akahamia ng'ambo. Jambo likaisha kwa watu wote isipokuwa wawili.

Kila Ijumaa, baada ya swala, fundi alikuja Mishomoroni. Alikuja kwa jua lile, na mfuko wa machungwa au ndizi, akasimama mlangoni, akabisha hodi. Msoma ramani alikuwa na vidole vilivyoshikana, hakuweza kumenya chungwa. Fundi alimmenyea, akatoa kokwa kwa ncha ya kisu, akampa kipande kipande. Alimkata kucha. Alimfungia vifungo vya shati siku ambazo mwenzake ameamka vibaya. Kisha walikaa, na mazungumzo yao yalikuwa machache kiasi kwamba mgeni angedhani wamegombana.

Jambo moja tu msoma ramani alilifanya ambalo sikulielewa mwanzoni. Alisoma njia, kama alivyomsomea dereva zamani kwenye mashindano. Macho kafumba, sauti yake ya kukwaruza, alisema: "Mia mbili, kulia pana. Daraja. Jiwe kushoto, usikate. Mia, kushoto kali." Barabara zote zile zilikuwa bado kichwani mwake, hata zilizokwisha kuwekwa lami na kunyooshwa. Fundi alimsikiliza huku kichwa kimeinama, na baada ya muda mmoja wao alisinzia, kisha na wa pili, wazee wawili kwenye viti vya plastiki, mpaka adhana ya alasiri iwaamshe.

Mle ndani ya zile sauti hamkutajwa moto hata siku moja. Wala tangi.

Nilimuuliza fundi mara moja, dukani. "Fundi, huchoki? Kila Ijumaa, kutoka Timbwani mpaka Mishomoroni?"

"Nachoka sana," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Nachoka, naenda."

Duka letu lilifungwa mwaka juzi, nami nikabaki nyumbani. Ndipo nilipomjua zaidi msoma ramani, maana alikuwa ameanza kulala kitandani, na mpwa wake aliyekuwa akimtazama alikuwa na kazi bandarini, hushinda huko. Nikawa nampelekea uji asubuhi na kumgeuza ubavu. Kazi ya kumgeuza mtu mzima ni nzito, na nikiri kwamba kuna asubuhi nilikaa kwangu nikiomba mtu mwingine aende. Hakuenda mtu mwingine.

Asubuhi moja alikataa uji. Akasema, "Ni lini Ijumaa?"

"Kesho kutwa, baba."

"Atakuja?"

"Lini aliacha kuja?"

Akatazama dari. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusoma njia, "Haikuwa tangi."

Nilidhani anaweweseka. Nikamwekea mkono kwenye paji.

"Sina homa. Nisikilize. Haikuwa tangi. Tulikuwa na jerikeni ya petroli ndani ya gari. Mimi ndiye niliyeitia. Niliifunga nyuma ya kiti changu kwa kamba ya mkonge, na kifuniko chake hakikukaza. Tangu asubuhi nilisikia harufu. Nikanyamaza, maana dereva angesimamisha gari, na tulikuwa mbele. Tulipopinduka ile ndiyo iliyowaka, mgongoni mwangu. Tangi la fundi nililiona wakinitoa. Lilikuwa zima. Halijatoa hata tone."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na kwa nini hukumwambia? Miaka yote hii?"

"Mwanzo nilikuwa hospitali, sina mdomo wa kusemea. Wakashasema wao, tangi. Alipokuja mara ya kwanza akasimama miguuni pangu akalia. Nikasema moyoni, akinyamaza nitamwambia. Hakunyamaza. Akaja Ijumaa ya pili. Wakati ule ndugu zangu walikwisha kupunguza kuja, na msichana niliyemposa alirudisha mahari. Ijumaa ya tatu akaja na machungwa." Akavitazama vidole vyake vilivyoshikana. "Nilichelea asije tena. Basi. Kila wiki nikasema, wiki ijayo."

"Baba, yule mtu amebeba jambo hili maisha yake yote."

"Najua. Wadhani nililala?" Akafumba macho. "Nikishafukiwa, ukitaka mwambie. Usipotaka, usimwambie. Mimi nimechoka nalo."

Fundi alikuja ile Ijumaa, na mbili zilizofuata. Mara zote tatu nilisimama kwenye mlango wangu nikamtazama akipita na mfuko wake, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, nami nikarudi ndani na siri ile. Wiki ya nne msoma ramani alifariki. Fundi alishika jeneza mpaka makaburini, mzee wa umri ule, akakataa kupokewa.

Nikangoja. Nilijiambia arobaini ipite. Ikapita, nikajiambia mvua ziishe. Ukweli ni kwamba nilimwogopea, na nilimkasirikia marehemu kwa kuniachia kazi hii, mimi niliyekwisha kumgeuza ubavu mwaka mzima. Kisha nikasikia fundi amefunga karakana na hatoki tena. Nikavuka kwenda Timbwani asubuhi ya Ijumaa.

Nilimkuta kakaa kwenye kiti mlangoni kwake, amevaa kanzu safi tayari, na swala ilikuwa bado mbali. Alikuwa amekonda. Jalada lilikuwa hapo chini, lakini kamba haikufunguliwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja mpaka huku?"

"Nimekuja. Nna maneno ya marehemu."

Akaninyooshea kidole nikae. Nikakaa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: jerikeni, kamba, kifuniko kisichokaza, harufu ya tangu asubuhi, tangi zima lisilotoa hata tone. Alinisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye tangi zima nilitua, nikamngojea. Sijui nilingojea nini. Labda alie. Labda amshukuru Mungu.

"Jerikeni," akasema.

"Ndiyo, fundi."

"Ya lita ngapi?"

"Sikumuuliza."

"Itakuwa ya ishirini. Nyuma ya kile kiti haingii kubwa zaidi." Alikuwa akipima kwa viganja hewani. "Na kwa nini waliibeba? Tangi lilikuwa kubwa, mafuta yangetosha. Wajua kwa nini waliibeba? Mimi niliwaambia wasilijaze. Niliwaambia, robo tatu tu, msizidishe, likijaa mno mkia wa gari utawatupa. Wakanisikiliza. Lita ishirini za ile robo waliyoiacha ndizo walizozitia kwenye jerikeni." Akateremsha mikono. "Basi hujaniondolea kitu, mwanangu. Umenihamishia tu."

Hapo uchovu wote wa mwaka ule ukanishinda. Nikamwambia kwa sauti niliyoijutia baadaye, "Fundi, wewe hutaki kupumzika! Mtu amekufa nalo, mimi nimevuka maji nalo, na wewe unatafuta pa kulitundika upya!"

Hakukasirika. Alinitazama kwa yale macho yake ya usingizi mdogo, akasema polepole, "Nipumzike vipi? Ndiyo njia ninayoijua."

Mwanamke akapita na ndoo, akatusalimu, tukaitika. Nikainuka kuaga. Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliponiita.

"Mwanangu."

"Abee."

"Hukunambia kwa nini alinyamaza."

Kweli, sikumwambia. Aliniingilia na lita zake kabla sijafika huko. Nikarudi, nikasimama mbele yake.

"Alisema alichelea usije tena."

Fundi akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Miaka yote," akasema, "nikibisha hodi pale mlangoni nilisema moyoni, leo ndiyo siku atakayonifukuza. Nikimmenyea chungwa nadhani ananivumilia. Nadhani anakula kwa adabu tu." Akanitegea sikio. "Alisemaje? Sema tena."

"Alisema, nilichelea asije tena."

"Tena."

Nikakaa chini, pale kizingitini, karibu na magoti yake, nikamrudia mara ya tatu, neno kwa neno na polepole, kama ninayemsomea barua mtu asiyejua kusoma.